Photomath, GeoGebra au ChatGPT: kipi kinafaa kwa sehemu za aljebra ukiwa Tabora

Nyumba nyingi za Isevya, Kitete au Ng'ambo zina simu janja moja tu. Ni ya mzazi, na jioni inarudi chaji imeshuka na bando limebaki kidogo. Kwa hiyo programu ya kurahisisha sehemu za aljebra hatuipimi kwa wingi wa mapambo. Tunaangalia kama inaonyesha njia na kama inabana MB. La tatu ni kama mtoto ataweza kuandika njia hiyo peke yake kwenye mtihani wa NECTA, ambako simu haiingii na kazi yote inatakiwa ionekane kwenye karatasi.

Photomath ilianza 2014 na sasa iko chini ya Google. Unaelekeza kamera kwenye swali, inalisoma, inaleta hatua. Hatua za msingi ni bure, maelezo marefu zaidi yanalipiwa. Sifa yake kubwa ni mpangilio. Chukua (x² − 9)/(x² + 5x + 6). Kiasi (kilicho juu) kinavunjwa kuwa (x − 3)(x + 3), asili (iliyo chini) inakuwa (x + 2)(x + 3), ndipo (x + 3) inakatwa juu na chini. Linabaki (x − 3)/(x + 2). Mwanafunzi aliyezoea kukata x² kwa x² na kubaki na −9/(5x + 6) aitazame hatua hiyo polepole: kinachokatwa ni kigawo kinachozidisha kiasi chote na asili yote, si kipande kilichojumlishwa na vingine.

Kamera nayo hudanganyika. Kuna x ya mkono inayofanana na alama ya kuzidisha, mstari wa sehemu uliokatika katikati, na fotokopi ya steshenari iliyofifia hadi kipeo cha 2 hakionekani. Kabla ya kusoma jibu, soma swali jinsi programu ilivyolielewa. Wengi huruka hapo, halafu wanailaumu programu.

Kwa mwenye bando dogo, tunaiweka juu GeoGebra CAS. Ni bure, na ukishaipakua inakokotoa bila intaneti. Kasoro yake ni kwamba hutoa jibu bila kukuongoza njiani, ila ukiijua inakufundisha kwa vipande: andika Factor(x^2+5x+6) upate (x + 2)(x + 3), fanya vivyo hivyo kwa kiasi, kisha kata mwenyewe kwenye daftari. Mabano ndiyo roho ya kazi hii. Ukiandika x^2-9/x^2+5x+6 bila mabano, inagawanya 9 peke yake kwa x² na kukuletea swali jingine kabisa. Andika (x^2-9)/(x^2+5x+6). Vilevile 1/2x inaweza kusomwa kama nusu ya x. Kama 2x yote iko chini, andika 1/(2x).

WolframAlpha inakokotoa vizuri pia, lakini hatua zake kamili ni za wanaolipia. Tunaipita.

ChatGPT na ndugu zake wana jambo moja ambalo wengine hawana: unauliza kwa Kiswahili na unajibiwa kwa Kiswahili, hata ukisema "hapo kwenye ishara sijaelewa". Tatizo ni kwamba hukosea kwa ujasiri uleule wanaopatia nao. Mahali pa kuwachunga ni kwenye kutoa. Katika 3/(x − 2) − 2/(x + 1), kiasi ni 3(x + 1) − 2(x − 2), yaani 3x + 3 − 2x + 4, ambayo ni x + 7. Anayesahau kwamba −2 mara −2 ni +4 anapata x − 1. Wanafunzi hukosea hapo kila siku, na mashine nayo huweza.

Kwa hiyo jibu lolote lipimwe kwa namba. Weka x = 3: swali linatoa 3 − 0.5, yaani 2.5. Jibu (x + 7)/((x − 2)(x + 1)) linatoa 10/4, nayo ni 2.5. Lile la x − 1 linatoa 0.5, limeanguka. Usipime kwa sifuri! Rudi kwenye swali la kwanza: x ikiwa 0, swali linatoa −9/6, na lile kosa la kukata x² nalo linatoa −9/6, kwa sababu x² yenyewe imekuwa sifuri. Kwa x = 1 ukweli unajitokeza: swali ni −8/12, kosa ni −9/11. Epuka pia namba inayoifanya asili iwe sifuri.

Hilo la asili ndilo vikokotoo vingi hulinyamazia. Jibu (x − 3)/(x + 2) linaonekana kukataza −2 tu, lakini swali la mwanzo linakataza na −3. Andika zote mbili pembeni ya jibu.

Khan Academy ni bure na ina masomo mazuri ya mada hii, kwa Kiingereza. Video ndizo zinazomaliza bando, kwa hiyo fungua kwenye waifai ya shule au ofisi, au tafuta shule yenye programu ya Kolibri, inayobeba masomo hayo bila intaneti. Maswali ya kufanyia mazoezi yako kwenye maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure.