Raketi yangu ya kubandika mwenyewe: ubao wa Yinhe na raba mbili za kunata kwa 95,000

Raketi yangu ya zamani ya tenisi ya meza ilikuwa ya dukani, yenye nyota tano. Nyota zile nilikuja kujua baadaye kwamba mtengenezaji anajigawia mwenyewe. Miezi minne tu, raba ikawa inateleza kama kigae kilichomwagiwa maji ya sabuni: nasugua mpira ujae spini, yaani uzunguke kwa kasi, wenyewe unapita zake nje ya meza. Nikajaribu kuibandua ile raba niweke nyingine. Ikang'oka na nyuzi za mbao, ubao ukabaki na makovu. Nikasema basi, safari hii nanunua vipande: ubao peke yake, raba peke yake, nabandika mwenyewe.

Bajeti ilikuwa laki moja, usafiri ukiwa humo humo. Raba nyingi za Kijapani na Kijerumani zinaimaliza hela hiyo kwa upande mmoja tu, na ubao hujagusa. Kwa hiyo nikaangukia Uchina, kupitia wakala wa mizigo Kariakoo. Ubao wa Yinhe N10s 38,000. Raba mbili za Mercury 2, za Yinhe hao hao, 18,000 kila moja, nyeusi na nyekundu. Kichupa cha gundi ya maji 9,000. Usafiri wa ndege 12,000. Jumla 95,000, mzigo mkononi baada ya wiki mbili na ushee. Ukitafuta mtandaoni, wauzaji wengine Yinhe wanaiita Galaxy. Ni kampuni ile ile.

Kwenye mpini kuwa makini. FL ni ule uliopanuka kwa chini, ST ni ulionyooka. CS ni mfupi, wa kushika kama kalamu. Rafiki yangu aliagiza CS bila kusoma, hadi leo ule ubao umetundikwa sebuleni kwake.

N10s ni matabaka matano ya mbao tupu, hakuna kaboni, na ndicho nilichokuwa nakitaka. Pale tunapochezea, ukumbi wa nyuma ya kanisa, kuna kijana ana ubao wa kaboni. Akiupatia mpira, hauonekani. Shida ni kwamba anaupatia mara moja kati ya tano. Mbao tupu inakuambia kiganjani mpira umegusa wapi, katikati au pembeni, na kwa kiwango changu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko mwendo.

Unene wa sponji, lile tabaka laini lililo chini ya raba, nusura uniponze. Niliona kwenye orodha wameandika mpaka milimita 2.2, nikaona nene ndiyo kiboko. Kabla ya kulipa nikamuuliza mzee mmoja tunayecheza naye, ambaye raketi yake ina umri wa watoto wake.

"Shikamoo mzee. Nichukue 2.2?"

"Marahaba. Mwanangu, mpira wa kawaida tu unautoa nje. Hiyo 2.2 unaitakia nini?"

Nikachukua ya wastani. Sponji nene inarusha mpira kwa kasi na kuongeza uzito, na mkono unaochoka seti ya tatu hauna haja na vyote viwili. Hata kwenye mashindano kuna mwisho: raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi milimita 4. Rangi nayo, upande mmoja lazima uwe mweusi. Tangu Oktoba 2021 upande wa pili si lazima uwe mwekundu, unaweza kuwa hata bluu au kijani, ila mimi nyekundu inanitosha.

Kubandika nilienda kwa fundi viatu wa mtaani, kwa sababu ya kisu chake tu. Yeye alishatoa kopo la gundi ya viatu, nikamzuia. Gundi zile zenye harufu kali zilipigwa marufuku kwenye mchezo huu mwaka 2008, na raba ukiibandika nayo, siku ya kuibandua unarudi kwenye makovu yangu ya mwanzo. Ya maji unaipaka nyembamba kwenye ubao na kwenye sponji, inakuwa nyeupe kama maziwa, unasubiri mpaka iwe kama kioo. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, tukasubiri mpaka fundi akamaliza pea mbili. Kisha unalaza raba kuanzia kwenye mpini kwenda juu, bila kuivuta, unabingirisha chupa ya soda juu yake. Yeye akakata ya kwanza kwa mkupuo mmoja, akifuata ukingo wa ubao. Ya pili nikaomba nikate mimi. Nikasimamisha kisu katikati ya kona, ikatoka na jino.

"Kaka, kisu hakipumziki njiani," akasema, hata hakucheka.

Sasa uchezaji. Nilipotoa ile plastiki ya juu, nikabandika mpira kwenye raba nikageuza raketi chini. Ukaning'inia; nikahesabu moja, mbili, tatu, ndiyo ukadondoka. Mzee akapitisha dole gumba: "Hii raba au ulimbo? Umekuja kucheza au kutega ndege?"

Kwenye sevu hapo ndipo hela yangu ilipokaa. Naisugua taratibu, mpira unafika upande wa pili unauma meza, mtu anainua raketi anaupeleka kwenye neti. Lakini wiki ya kwanza nilifungwa na kila mtu, mpaka watoto wa shule. Raba ya kunata inataka mkono uende wenyewe. Ukiweka raketi tu na kungoja, mpira unafia kwenye neti. Fohendi nimeshaizoea. Bekihendi yangu ni ya kuzuia zaidi kuliko kupiga, na huko ningeweka raba laini isiyonata. Kosa la kuagiza pande zote sawa ni langu.

Usafi ni lazima: vumbi likishika, kunata kunakwisha. Nafuta kwa sifongo na maji kidogo kila nikimaliza, narudishia plastiki.

Miezi mitatu sasa, raba bado inashika. Juzi mzee ameniletea 20,000 ameikunja ndani ya gazeti, nimwagizie raba moja nyeusi. "Lakini hiyo ya ulimbo usiniletee," akasema.