Stellarium na kupatwa kwa mwezi: tathmini kwa watazamaji wa Tanga

Kupatwa kwa mwezi huanza dakika ileile kwa wote wanaouona. Kinachobadilika ni saa ya ukutani, kimo cha mwezi angani, na upande ambao kivuli cha dunia kinaingilia. Kwa kulinganisha hayo matatu, Stellarium ya kompyuta, programu inayoonyesha anga la mahali na saa yoyote, haina mpinzani wa bei yake, maana ni bure. Faili lake ni zito, bando dogo halitoshi. Ukishaisakinisha, intaneti si lazima.

Bonyeza F6 uchague Tanga, uhakikishe saa ni UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki. Fungua F5, weka Septemba 7, 2025, 19:27, yaani saa 1:27 usiku. Tafuta mwezi kwa F3, ukuze kwa kitufe cha /. L huharakisha muda, K huurudisha mwendo wa kawaida. Kivuli kinaanza kumega chini, kushoto kidogo, na saa 2:30 mwezi wote umefunikwa. Sasa rudi 19:27 ubadilishe mji tu. Sydney ni saa 8:27 usiku, kivuli kinaingilia kulia. London mwezi bado haujachomoza. Utakapotoka utakuwa umeshafunikwa wote. New York ni mchana, hawaoni kitu.

Agosti 28, 2026 mambo yanageuka: Tanga kivuli kinaingilia juu saa 11:34 alfajiri, kwa sababu mwezi unazama magharibi, na unatua kabla ya kilele cha 07:13. New York wanaona tukio lote usiku.

Kasoro zipo. Mandhari ya mwanzo si ya pwani. Fungua F4, chagua ya bahari, lakini hiyo itafaa upande wa mashariki tu. Magharibi kuna minazi, majengo na vilima, kwa hiyo punguza dakika kadhaa kwenye muda wa kutua. Wekundu wa mwezi uliofunikwa usiuamini: baada ya volkano ya Pinatubo kulipuka mwaka 1991, mwezi uliopatwa Desemba 9, 1992 ulikuwa mweusi hasa, na programu haijui vumbi lililoko angani. Saa zake ni za 24, kwa hiyo kabla ya 07:00 ongeza 6, kuanzia 07:00 ondoa 6, na kuanzia 19:00 ondoa 18.

Kabla ya kwenda ufukweni Raskazone kutazama kupatwa kwa Desemba 31, 2028, ijaribu tarehe hiyo: mwezi unachomoza karibu nusu yake imeshamegwa, na unafunikwa wote 19:16 hadi 20:28.