MapLibre: Milima ya Gombe Ndani ya Simu Yako

Karibuni watazamaji wangu, mnanipata kutoka Kigoma. Leo tunaichambua MapLibre GL JS, maktaba ya bure, yaani msimbo ulio tayari, ya kutengeneza ramani za 3D zinazofunguka kwenye kivinjari. Ilianza Desemba 2020, kampuni ya ramani ya Mapbox walipobadilisha leseni ya maktaba yao. Wataalamu wakalichukua toleo huria lililotangulia na kuliendeleza.

Tazameni kioo. Huku ni Ziwa Tanganyika, na ukuta huu ni Gombe. Naburuta kwa vidole viwili, ramani inalala, na bonde la Kakombe hilo hapo, linashuka mpaka ufukweni. Inapendeza, jamani!

Sasa siri yake. Miinuko husafiri kama vipande vya picha, na kila nukta inabeba kimo ndani ya rangi zake. Kwa Terrarium, mmoja wa mifumo ya kuandika kimo kwa rangi, nukta ya juu ya ziwa ina nyekundu 131, kijani 5, bluu 0. Zidisha 131 kwa 256, jumlisha 5, toa 32768: unapata mita 773, usawa wa ziwa letu. Simu inapiga hesabu hiyo kwa maelfu ya nukta huku wewe unazungusha tu.

Kuna sehemu ya kukuza miinuko. Ukiweka 3, yaani mara tatu, vilima vya Mwanga hapa mjini vinageuka milima ya Mahale! Kwa kuvutia watalii, 1.5 inatosha. Lakini kama mtu anatafuta kiwanja na anataka kujua maji ya mvua yataelekea wapi, acha 1, kimo halisi. Mteremko wa uongo unamtia mtu hasara, na hapo sina mzaha.

Kinachoniuma ni ziwa kuonekana bapa. Data za miinuko za SRTM zilipimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000, na rada ile haipenyi maji. Kina cha mita 1,470 chote hakipo. Ukikitaka, tafuta vipimo vya kina uvitengenezee vipande vyako.

CesiumJS, maktaba nyingine ya ramani za 3D, ni hodari kwa dunia nzima, ila kwa simu zetu za kawaida naiona nzito. Mimi nachagua MapLibre. Kata vipande vya eneo la Kigoma pekee, viweke kwenye seva yako, na kikomo cha kusogeza ramani karibu (zoom) kiwe 12. Data za mita 30, yaani kipimo kimoja kila mita 30, hazina cha zaidi cha kuonyesha, na bando la mtazamaji litapona.