Nilimfuata Ngũgĩ, nikafika kwa Park Kyong-ni

Kusema kweli, mimi Wonju, mji wa Korea Kusini, nilipelekwa na Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya Korea yenye jina la mama mmoja mwandishi wa riwaya, Park Kyong-ni, nami nikabaki najiuliza ni nani huyo. Jumamosi moja nikapanda basi Seoul, mwendo wa saa moja na nusu hivi, halafu teksi. Nilipotaja jina tu, dereva hakutaka hata kuona ramani.

Bustani ya kumbukumbu yake si kubwa. Ndani yake imo nyumba aliyoishi tangu 1980, iliyonusurika kubomolewa mtaa ulipopimwa upya kwa ajili ya makazi. Humo ndimo alimomalizia Toji, yaani "Ardhi", riwaya ya sehemu 5. Aliianza 1969 akaiwekea nukta tarehe 15 Agosti 1994. Miaka 25! Inaanzia 1897 kijijini Pyeongsa-ri, inamfuata Seo-hui, binti wa ukoo wa kitajiri aliyedhulumiwa mashamba, mpaka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na kurudi, kisha inaishia siku Japani iliposalimu amri, 15 Agosti 1945. Tarehe ileile.

Na si kwamba alikuwa na raha ya kuandika. Mume alimpoteza wakati wa Vita vya Korea. Mwaka 1971 alipasuliwa kwa saratani ya matiti. Mkwewe, mshairi Kim Chi-ha, akatiwa jela, bibi akabaki analea mjukuu huku kurasa zinamsubiri.

Ila kilichonishika ni sanamu uani. Nilitegemea kalamu na miwani. Kumbe amekaa juu ya jiwe, paka pembeni, kitabu, na jembe dogo la mkono, homi kwa Kikorea, ambalo kwetu ungepalilia nalo mchicha. Mboga na pilipili zake alilima mwenyewe. Nilikaa hapo karibu naye muda mrefu kuliko ndani.

Kama Kikorea chako ni cha kuunga kama changu, nenda na mtu. Programu yangu ya kutafsiri iling'ang'ania kuiita riwaya "Kiwanja", kila kibao nikakisoma kama tangazo la dalali.

Kaburi lake liko Tongyeong, kusini, alikozaliwa 1926. Nauli naidunduliza.