Likizo ya bure Diani: tulivyoitwa kuchukua zawadi

Nyota moja kati ya tano. Jina la kampuni iliyotuita ili ituuzie uanachama wa klabu ya likizo (timeshare) silitaji, kwa sababu mtindo huu unatumiwa na kampuni zaidi ya moja, na bango linaweza kubadilishwa kesho. Nataka msomaji autambue mtindo wenyewe, hata akiukuta chini ya jina jingine.

Ulianza na kuponi. Kwenye lango la duka kubwa kulikuwa na meza, gari jipya limeegeshwa kando yake, na vijana waliovaa fulana za rangi moja wakiwaomba wapita njia wajaze jina, nambari ya simu, umri, kazi, na kama mtu ana mume au mke. Wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu. "Hongera sana mama, umeshinda!" Si gari. Ni likizo ya siku tatu Diani, kulala mara mbili, watu wawili. Nilitakiwa tu nifike katika hoteli moja ya Westlands, Nairobi, siku ya Jumamosi nipokee vocha yangu na kusikiliza maelezo mafupi, "dakika tisini tu". Sharti moja: niende na mume wangu. Nilipouliza kama naweza kwenda peke yangu, maana yeye Jumamosi huwa kazini, sauti iliyokuwa tamu ikakauka. Bila yeye zawadi haitoki.

Sharti hilo lichunguzeni vizuri. Mtu akibanwa anunue kitu cha bei kubwa, kinga yake ya kwanza ni kusema, "Ngoja nikashauriane na mwenzangu." Ni jibu la heshima, halimuudhi yeyote, na linakupa usiku mzima wa kufikiri. Mwenzako akiwa ameketi ubavuni pako, jibu hilo umeshanyang'anywa kabla hujalihitaji.

Ukumbi ulikuwa na muziki wa juu na meza za duara, kila meza mume na mke na kijana mmoja wa mauzo. Kila wawili waliposaini, kengele iligongwa, jina lao likatangazwa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kijana wetu alikuwa mpole kweli. Alimwita mume wangu mzee, mimi akaniita mama. Aliposikia kwetu ni Pwani akafurahi, akasema ana shemeji zake Kilifi. Akauliza watoto ni wangapi, mara ya mwisho tulisafiri lini, mama yangu angependa kupelekwa wapi kabla nguvu hazijamwisha. Yote aliyaandika, na baadaye kila jibu letu likarudishwa mezani kama deni: "Lakini mama, si ulisema ungependa watoto waione bahari kila mwaka?"

Kisha ikaja hesabu. Akachukua bei ya chumba cha hoteli kubwa ya ufukweni, akaizidisha kwa siku saba, akaizidisha tena kwa miaka ishirini, akaongeza kupanda kwa bei, akapata mamilioni. Akapigia mstari. Hapo ndipo akatoa bei ya uanachama wa klabu yao ya likizo, ambayo ilipita nusu milioni, na kwa kweli ikiwekwa kando ya yale mamilioni ilionekana ndogo. Ila mamilioni yale si pesa ambazo familia yetu ingewahi kutumia. Mimi ni mwalimu. Nikienda Pwani nalala kwa mama yangu Likoni, na bahari iko pale pale.

Nilimuuliza maswali, na ningeomba kila anayeingia ukumbi wa namna hii aulize hayo hayo. Tukilipa, tunamiliki nini? Hakuna hati wala nyumba, kuna pointi za kubadilisha na siku za kulala hotelini. Ada ya kila mwaka ipo? Ipo, "ndogo tu". Inaweza kupanda? Hapo alisita, lakini kwenye karatasi iliandikwa kwamba kampuni ndiyo itakayoipanga, na mwanachama atailipa hata mwaka ambao hakusafiri. Nikichoka naweza kuuza? Naweza, hata kuwarithisha watoto. Kumuuzia nani? Hakuwa na jibu. Na fikirini hilo la kurithisha: mtoto anarithishwa pointi pamoja na ada yake. Swali la mwisho lilikuwa kama tunaweza kwenda na mkataba nyumbani, tuusome kwa utulivu, turudi Jumatatu. Haiwezekani. Bei ni ya leo.

Kwangu mimi jibu hilo la mwisho lilimaliza kila kitu. Mkataba wa miaka mingi usioruhusiwa kulala nyumbani kwako hata usiku mmoja, wa nini?

Lakini kuondoka haikuwa rahisi. Alikuja meneja na punguzo "maalumu". Akaja mwingine na kifurushi kidogo cha majaribio, cha mwaka mmoja na nusu. Dakika tisini zilikuwa zimepita zamani. Tulikuwa tunaingia saa ya nne. Kijana wetu sasa alikuwa kimya, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyeumizwa. Nilihisi vibaya kweli, na hisia ile ndiyo iliyonisukuma niandike haya. Tumezoea kusikia kwamba wanaonaswa ni wenye tamaa au wasiosoma. Niliowaona wakisaini walikuwa watu wa heshima zao, waliosoma, wenye kazi nzuri. Kilichowashika ni malezi. Mtu aliyekukaribisha, akakunywesha chai, akakuulizia hali ya mama yako, humwinukii ghafla ukamwacha na karatasi zake. Wauzaji hawa wanaijua adabu yetu na wameijengea biashara. Hilo linaniudhi kuliko bei yao.

Aliyetutoa ni mume wangu. Alisema, "Kijana wetu, tumekusikia, tunakushukuru, hatununui leo." Akaulizwa sababu, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Baadaye nilielewa kwa nini yalifanya kazi. Ukisema huna pesa, kuna malipo ya kila mwezi. Ukisema huna nafasi, pointi zinahamishwa mwaka ujao. Ukisema huipendi Diani, kuna Dubai na Zanzibar. Kila sababu unayotoa ina jibu lililokwisha kufundishwa. "Hatununui leo" haina pa kushikwa.

Vocha tulipewa, katika bahasha nzuri. Niliisoma kwenye matatu tukirudi. Chumba ni bure, ila kuna ada ya kuweka nafasi, inalipwa kabla. Chakula hakimo, na mgeni analazimika kununua mpango wa chakula wa hoteli kwa kila mtu kwa kila siku. Usafiri juu yako: kwa treni ya SGR, daraja la kawaida, ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi kwa kila mmoja, halafu utoke kituo cha Miritini, Mombasa, uvuke, ufike Ukunda karibu na Diani. Nafasi iombwe mapema kabisa, na kampuni ndiyo itakayokuambia kama ipo. Haitumiki Pasaka, Agosti wala Disemba. Mwenye watoto wa shule ameshaona: hizo ndizo likizo za shule. Kati ya miezi inayobaki kuna masika, Aprili iliyosalia hadi Juni, wakati kusi inavuma, bahari imechafuka, na hoteli nyingi za kusini zenyewe zimeshusha bei ili zipate wageni. Nilipiga simu hoteli moja kwa moja nikauliza bei ya wakazi kwa mwezi wa Mei, chumba na chakula. Tofauti yake na jumla ya malipo ya zawadi yetu haikufika hata nauli ya treni. Vocha hatukuitumia.

Kwa hiyo kama mtu ananiuliza zawadi ile ilikuwa nini, namwambia ni ujira wa kukaa kwenye kiti kile nusu siku, na ni ujira mdogo.

Haya, hao wetu angalau walikuwa na ofisi, mkataba na hoteli ya kweli. Kuna wengine hawana chochote, nao ni wa kuogopwa zaidi. Jirani yetu aliandikiwa kwamba ameshinda safari ya Dubai, tiketi na hoteli tayari, bado tu ada ya viza, itumwe kwa nambari ya simu. Alipotaka kutuma, M-Pesa ikamwonyesha jina la mtu binafsi, wala si la kampuni. Akasitisha. Jina lile linalotokea kabla hujaweka PIN lisomeni kila mara, limeokoa wengi. Na zawadi inayodai utume pesa kwanza, iite ada, iite kodi, iite bima, hiyo si zawadi.

Aina nyingine tunaiona sana kule Pwani kila ikikaribia Krismasi. Mtu anaiba picha za nyumba ya kukodi, anafungua ukurasa, anaweka bei nusu ya soko na kutaka nusu ya malipo mapema. Binamu yangu hutunza nyumba za wageni Diani. Amewahi kufungua lango usiku akakuta familia na masanduku, watoto wamelala mabegani, wanaonyesha picha za nyumba ile ile na risiti ya mtu asiyemjua. Nyumba ilikuwa na wageni wengine. Hasira yake alivyokuwa akinisimulia haikuwa ya kawaida.

Kinga hapa ni ya kuchosha lakini inafaa. Usiipigie hoteli kwa nambari uliyopewa na muuzaji. Itafute nambari ya hoteli yenyewe, uulize kama kuna chumba kwa jina lako, tarehe zako, na kama kimelipiwa. Kampuni ya utalii Kenya inatakiwa iwe na leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Utalii, TRA. Omba nambari ya leseni kisha uulizie TRA wenyewe. Wengi wa waandaaji safari wanaoaminika ni wanachama wa KATO, chama cha waandaaji safari wa Kenya, na majina yao yanaweza kutafutwa huko. Ukishatuma pesa ukashtuka, usingoje kesho: peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe irudishwe, maana ikishatolewa ni vigumu kuipata. Ujumbe wa kitapeli upeleke 333.

Na ile kuponi ya dukani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni ina taarifa zako gani na kuitaka izifute. Mimi niliwaandikia baruapepe fupi, nikasema wasiposikia nitapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Simu zilikoma.

Dada yangu anaishi Uingereza. Nilipomsimulia akasema kwao mchezo huu uko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ambako watalii hupewa kadi za kukwangua barabarani na kila mmoja "anashinda". Lakini huko mnunuzi ana siku 14 za kujitoa bila kueleza sababu, na ni marufuku kumtoza hata malipo ya awali kabla siku hizo hazijaisha. Nilimwonea wivu kidogo, hadi nilipoitafuta sheria yetu.

Kabla ya hilo, neno kwa waliokwisha kununua. Ukipigiwa simu na mtu anayesema amekupatia mnunuzi wa uanachama wako, ila ulipe kwanza ada ya wakili au kodi ya uhamisho, kata simu. Huo ni wizi unaowawinda walioumizwa tayari. Nchini Mexico umekuwa biashara ya magenge: mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za eneo la Puerto Vallarta waliohusishwa na CJNG, genge la dawa za kulevya la Jalisco, kwa ulaghai wa aina hii hii.

Sasa sheria yetu. Meza ya pili kutoka kwetu walikaa mume na mke wa umri wetu. Tulibadilishana nambari kwenye foleni ya vocha. Wao walisaini na kulipa malipo ya awali kwa kadi. Siku ya pili mama yule akanipigia, hajalala. Kampuni ilikuwa imemwambia pesa hazirudi. Lakini Sheria ya Kulinda Wateja ya Kenya, ya mwaka 2012, inataja mikataba ya namna hii waziwazi, na inamruhusu mteja kuivunja bila kutoa sababu yoyote hadi siku kumi zipite tangu alipopokea nakala ya maandishi ya mkataba. Ukumbini hakuna aliyetuambia. Maneno ya "pesa hazirudi" hayawezi kuishinda haki hiyo.

Tuliandika barua fupi pamoja: majina yao mawili, nambari ya mkataba, tarehe ya kusaini, na sentensi moja kwamba wanauvunja mkataba chini ya sheria hiyo na wanataka fedha zao zote. Hawakuituma kwa WhatsApp. Waliipeleka kwa mkono ofisini wakiwa na nakala mbili, wakasimama pale mpaka nakala yao ikagongwa muhuri wa tarehe, kisha wakaiarifu benki kuhusu yale malipo ya kadi. Kampuni ilijaribu kuwaita tena "wajadiliane". Hawakwenda. Wakarudishiwa.