Niliagiza pizza ya "peperoni" Bologna nikaletewa hoho, na bado nawapa nyota nne

Jamani mnaopanga kwenda Italia someni hii kabla hamjaagiza chakula. Wiki iliyopita tulikua Bologna mimi na shosti wangu wa Tanga, tumetokea Leipzig ninakosoma, njaa inauma balaa, tukaingia kwenye pizzeria moja ndogo ya uchochoroni, meza kama nane hivi, oveni ya kuni unaiona pale ulipokaa. Jina silitaji maana kuna lawama zinakuja huko chini.

Nafungua menyu naona peperoni, moyo ukatulia, nkasema hii naijua, si zile soseji nyekundu za duara za pizza ya Kimarekani. Shosti akasema mi nguruwe sili, akachukua margherita. Pizza inafika, soseji hata moja! Ni vipande virefu vya hoho, nyekundu na njano, vimechomwa mpaka ganda limebabuka, vinang'aa mafuta. Nkamwita weita nkamwambia kaka umekosea oda, akaangalia sahani, akaangalia menyu, akaweka kidole kwenye neno lenyewe bila kusema kitu.

Hajakosea bwana. Kwao pepe ni pilipili manga, ukilikuza neno linakua peperone, yani kama sisi tungesema jipilipili, zikiwa nyingi ndo peperoni. Ile soseji jina ilipewa Marekani na Waitaliano waliohamia huko, na p wakaongeza moja, kwa hiyo ukiwa Italia na unataka kitu cha hivyo agiza diavola.

Na neno hili si mara ya kwanza kunitenda. Mwaka jana hapa Leipzig niliagiza hiyo hiyo peperoni nikaletewa pizza ina pilipili ndefu za kijani za kwenye siki, machozi yalinitoka mbele za watu, maana Mjerumani peperoni yake inawasha, hoho anaiita paprika. Sasa vuka mpaka uingie Uswisi, kwa hao wanaoongea Kijerumani hicho hicho, peperoni inageuka tena kua hoho! Paprika nayo imetoka kwa Waserbia na Wakroatia ikapitia Hungaria, ndani yake kuna papar, pilipili manga hiyo hiyo. Mhispania ndo kajitenga, anasema pimiento, neno lililotoka kwenye Kilatini cha rangi ya kupakia.

Vurugu yote kaileta Columbus. Kabla ya 1492 Ulaya hakuna hoho wala pilipili ya kuwasha, walikua na pilipili manga kutoka India, sasa hizi ngeni zilipoletwa kutoka Amerika wakaona si zinawasha, wakazibandika jina la zamani, kila mtu na lake. Na jina lenyewe ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, pippali, Wagiriki na Warumi wakalichukua kivyao, Waajemi na Waarabu kivyao, huku ndo likashuka mpaka pwani kwetu likawa pilipili. Nilivyomweleza shosti akacheka, akasema kumbe umekula ndugu yetu.

Haya, turudi kwenye pizza. Ukoko mwembamba, pembeni umevimba na madoa meusi, hoho tamu kama tunda kwa jinsi zilivyochomwa. Shosti alivyosikia hamna nguruwe akanivamia sahani, mwisho nimekula margherita yake mimi. Lawama: tumesubiri dakika 25 na watu wenyewe tuko sita tu humo ndani, halafu kwenye bili kuna coperto, euro 2.50 kila kichwa, hela ya kukaa mezani tu, hata mkate hatukuletewa. Pizza yenyewe euro 9, hiyo sina neno.

Ah, na nilipoomba pilipili ya kuwasha kaleta kichupa cha mafuta yenye pilipili ndani. Hicho kichupa tumekimaliza.