Mashine ya kufyekea nyasi: ya kuchanganya oili au ya oili yake?

Masika yakishika Tanga, ua usiofyekwa wiki mbili unageuka pori. Madukani utakuta mashine za petroli za aina mbili.

Ya kwanza, tu-stroku, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ni nyepesi, ina nguvu ya ghafla, na fundi yeyote wa pikipiki anaielewa. Shida ni mchanganyiko. Kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, lita moja inataka mililita 20 za oili. Kama ni 25 kwa 1, mililita 40. Vijana wengi wanakadiria kwa kizibo cha chupa. Oili ikipungua, pistoni inakwaruzika na injini inakata. Ikizidi, moshi unajaa na plagi inaota masizi meusi.

Ya pili, foo-stroku kama Honda GX35, ina oili yake chini ya injini. Petroli unamimina kavu. Moshi ni kidogo, mafuta haili sana, ila bei imechangamka, na usipoangalia kipimo cha oili unaiua vilevile. Valvu nazo zinahitaji kurekebishwa, kazi ambayo si kila fundi anaiweza.

Uzi wa nailoni unaozunguka kukata nyasi ni mateso kwa zote: ukigusa mawe ya matumbawe ya huku pwani, unaliwa haraka.

Kwa anayefyeka kwa malipo kila siku, mimi nampa foo-stroku. Wa ua mdogo achukue tu-stroku, ila amwage petroli yote kabla ya kuiweka stoo, maana ikilala humo inaziba kabureta.